Jibu kwa dada wa Arua: mdogo wako, kamera yake na hao "wasio na sauti"

Dada, waliotangulia wamekujibu haraka haraka. Nusu wanasema mwache kijana afanye anachokipenda, nusu wanasema mrudishe darasani kabla hajaharibika. Mimi sipo upande wa hawa wala wale, ndiyo maana nimekaa kuandika marefu. Mnivumilie.

Kwa wanaoingia sasa hivi: dada anasema mdogo wake wa miaka 21 ameacha kozi ya uhasibu katikati, amenunua kamera ya mtumba, na kila akipata nauli anapanda boda kwenda makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp kuwapiga picha wakimbizi. Picha anazibandika Facebook, na juu ya ukurasa wake kaandika "sauti ya wasio na sauti". Dada anataka kujua kama picha hizo zinamsaidia mtu yeyote, na huyo kijana atakula nini.

Mimi si mpiga picha. Ni mtu wa Rutshuru, Kongo. Niliingia Uganda kupitia mpaka wa Bunagana mwaka 2012, wakati wa vita vya waasi wa M23 ile ya mara ya kwanza, tukapitia kituo cha mapokezi cha Nyakabande pale Kisoro, nikaishia makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro. Kwa kuwa nilikuwa na Kiswahili, Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza cha kuombea maji, nikawa mkalimani wa wageni: waandishi wa habari, watafiti, watu wa mashirika. Nimesimama kando ya kamera nyingi, za wenye majina na za wanafunzi, na anayesimama kando husikia mengi ambayo hayaingii kwenye picha.

Mpiga picha mmoja, mgeni, alimtaka mama mmoja akae mlangoni mwa nyumba yake ya turubai, mtoto mapajani, macho chini. Mama akainamisha macho. Jamaa akatikisa kichwa, bado kuna kitu hakijakaa sawa. Mama akanigeukia, hata hakucheka, akasema: "Muulize, anataka nilie sasa ama kwanza tumalize za kawaida?" Sikulitafsiri. Yule mama alikuwa ameshapigwa picha kuliko bibi harusi, kazi alikuwa anaijua.

Basi mdogo wako akisema hawa hawana sauti, mlete kwenye mkutano wa maji wa kijiji chochote Nakivale. Atatoka na masikio yanavuma. Watu wanasema, wanaandika barua, wanagonga meza, wanapiga namba ya malalamiko waliyopewa. Kinachokosekana ni mtu upande wa pili anayelazimika kujibu. Kazi ya mpiga picha, kama kweli ni mtetezi, ni kumfanya huyo wa upande wa pili akose pa kuponyokea, na kwa jinsi nilivyoona, hilo mara nyingi linafanywa na maelezo yaliyo chini ya picha kuliko picha yenyewe.

Nieleze kwa binti mmoja ninayemfahamu. Jina lake naliacha, mwenyewe hapendi. Wazazi wake ni Wakongomani, yeye amekulia Nakivale, alianza na simu ya kawaida kisha mtu akamwachia kamera kuukuu yenye lenzi moja. Wakati huo bomba la mkono la kijiji kimoja lilikuwa limekufa, kina mama wanatembea hadi kijiji cha pili. Waliopita kabla yake walipiga walichokiona: watoto, madumu ya njano, vumbi, jua linazama. Picha nzuri mno, zingine nilizisaidia mwenyewe kupatikana. Binti alipiga mpini wa bomba uliofungwa kamba, na nyuma yake, katika fremu hiyohiyo, ubao wa shirika lililolichimba, rangi bado inang'aa. Kisha akaliomba daftari la kamati ya maji akapiga kurasa zake. Chini akaandika jina la kijiji, tarehe bomba lilipoharibika, tarehe kamati ilipopeleka taarifa, ofisi iliyopokea, na cheo cha aliyetia sahihi.

Akazichapa Mbarara, akampa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti akaenda nazo kwenye kikao cha mashirika, akaziweka mezani, akanyamaza. Afisa aliyekuwa na mazoea ya kusema "hatujapata taarifa rasmi" akaona sahihi ya ofisi yake. Fundi alikuja. Bomba liliharibika tena baadaye, msije mkadhani nauza muujiza, lakini safari hiyo kamati ilijua la kufanya hata bila yeye.

Najua mtu ataniletea Mohamed Amin, yule mpiga picha. Na ana haki, yule ni wetu, mtu wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam na kufungua kampuni yake hukohuko mwaka 1963. Oktoba 1984 alirekodi njaa ya Korem, Ethiopia, BBC wakarusha, dunia ikasimama. Mwaka uliofuata watu wakajaa viwanjani kuimba na kuchanga. Kazi ile iliokoa maisha, sitaidharau. Ila Amin alikuwa anapeleka habari ambayo wakubwa walikuwa wanaweza kudai hawajaiona. Leo mgao wa chakula ukipunguzwa Nakivale, kila anayehusika anajua, kipo kwenye ripoti, kina jedwali. Picha ya mtoto mwenye njaa haimwambii chochote kipya mtu aliyelichora hilo jedwali.

Hapo ndipo binti alipofanya jambo ambalo mimi nisingeliwaza. Mwaka 2023 WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, kwa upungufu wa fedha, walianza kuwagawa wakimbizi kwa makundi: kundi la kwanza wapate zaidi, la pili kidogo, la tatu wasipate kitu, kwamba hao wanaweza kujitegemea. Kwenye karatasi inaeleweka. Kijijini ina maana majirani wawili waliokimbia pamoja, wenye mashamba yaleyale madogo yenye mawe, mmoja anaitwa kuchukua na mwenzake anabaki anamtazama.

Binti akaacha nyuso. Akaanza kupiga sufuria. Jioni anapita nyumba zilezile, nyumba za makundi yote matatu, anasimama juu ya jiko na kupiga sufuria kutoka juu, wima. Kisha anamwuliza mwenye nyumba ni nini hicho na kimetoka wapi, anaandika kama alivyoambiwa. Picha moja inaonyesha sombe, majani ya mhogo, nyeusi iliyokauka pembeni, chini imeandikwa: "Sombe bila mafuta. Mafuta tuliacha tulipowekwa kundi la tatu." Nyingine ni posho, yaani ugali, imebebana na ukoko: "Unga wa mkopo. Dukani wameandika." Iko moja haina sufuria kabisa, ni mafiga matatu na paka amejilaza katikati kwenye majivu. Mwenye nyumba hiyo alisema tu, "Leo umekuja bure, mwanangu."

Zilipofika nyingi akazitundika kwa kamba na vibanio vya nguo siku ya soko, maelezo kwa Kiswahili na Kinyarwanda. Nilikuwepo. Nilitegemea watu watazame picha, walisoma maelezo. Walisoma kwa sauti, wakabishana. Mama mmoja aligoma kuondoka mbele ya sufuria yake kwa sababu imeandikwa sombe na siku ile alikuwa amepika lengalenga. Binti akachukua kalamu, akafuta, akaandika upya, mama akasoma tena ndipo akaenda zake. Mzee mmoja akanung'unika mbona ya kwake haipo, naye ana sufuria.

Utaratibu wa kukata rufaa ulikuwepo kwa waliowekwa kundi lisilo lao, ila wengi walikuwa hawaujui au waliuogopa. Baada ya siku ile wapo waliopeleka rufaa na kuambatanisha nakala ya picha yao. Wengine walihamishwa kundi, wengine hawakuhamishwa. Sidai kuwa sufuria ndizo zilizoamua. Nadai kwamba walikwenda ofisini na karatasi mkononi, na mtu mwenye karatasi huambiwa "subiri nikuandikie" badala ya "rudi kesho".

Sasa nitoke nje ya kambi kidogo. Mwaka 2019 nilikuwa Kampala, nikaingia makumbusho ya taifa pale Kira Road kuona maonyesho ya picha za enzi ya Idi Amin. Negativi kama 70,000 zilikuwa zimelala kwenye makabati ya shirika la utangazaji la taifa, zikaja kugunduliwa, zikasafishwa na kuonyeshwa. Wapiga picha wa wizara waliozipiga walikuwa mafundi hasa, mwanga wao hauna kasoro. Idi Amin yumo anacheza ngoma, anaogelea, anahutubia, anapokea wageni. Waliokuwa wanatekwa na kutiwa kwenye buti za magari miaka hiyohiyo huwaoni. Si kwamba wale mafundi hawakuwa na macho. Walipelekwa na gari la serikali, wakapiga palipokuwa na gari la serikali.

Tangu siku hiyo nikiletewa mpiga picha namwuliza kwanza amekuja na gari la nani. Ukija na gari la shirika utaona mradi wa shirika, na utaona watu wanaotabasamu kando ya mbuzi waliopewa. Hakuna anayekudanganya, ni barabara tu. Kwa hiyo hiyo boda ya mdogo wako, inayokutia wasiwasi, kwangu ni alama nzuri.

Kuhusu usalama, dada, hapa sina utani.

Makazi ya wakimbizi yako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Anayeingia na kamera kwa kazi anatakiwa kuwa na barua yao, ajitambulishe kwa komandanti, mkuu wa makazi, kisha kwa wenyeviti wa wakimbizi na wa LC1, baraza la kijiji. Watu wanaona ni urasimu, na ni urasimu kweli, lakini siku polisi akimsimamisha na Facebook yake imejaa nyuso za watu, barua ndiyo itakayomrudisha nyumbani. Mjini kwenye maandamano hata barua haitoshi. Agosti 2018 James Akena wa Reuters, mtu mwenye uzoefu na kamera mkononi, alipigwa na wanajeshi katikati ya Kampala wakati wa maandamano ya kudai mwanamuziki na mwanasiasa Bobi Wine aachiliwe. Zipo picha zake kapiga magoti, mikono juu. Jeshi lilikemea na kusema limechukua hatua. Fimbo zilikuwa zimeshaingia. Mdogo wako aandike namba ya HRNJ-Uganda, wale wanaotetea haki za waandishi, kwenye karatasi na si kwenye simu peke yake, maana simu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa.

Ila anayenitia hofu zaidi ni yule anayepigwa picha. Mpiga picha anapanda boda anaondoka, yule mama analala palepale. Kuna mwanamke alikuwa tayari kusema kuhusu mtu anayedai pesa ili jina lirudi kwenye orodha. Alikataa uso, akakubali miguu. Binti akapiga kuanzia magotini kwenda chini, picha tulivu, ya heshima. Kabla ya kuituma akamwonyesha kijana mmoja wa mtaa wa jirani bila kumwambia kitu. Kijana akatazama akasema, "Si mama fulani huyu?" Ndala. Moja ya bluu, nyingine ya kijani, mkanda umefungwa waya. Kwetu watu wanajuana kwa ndala, kwa kitenge, kwa kiraka cha turubai, kwa mlango. Picha ile haijatoka hadi leo, habari ilitoka kwa maneno bila hata jina la kijiji, na nadhani ni kazi bora kuliko zote alizofanya. Mwambie mdogo wako pia azime ile ya kuonyesha mahali kwenye kamera na simu kabla hajapiga mtu wa namna hiyo, kwa sababu faili inabeba mahali picha ilipopigwa hata kama wewe hukuandika.

Na ridhaa. Sheria ya kulinda taarifa za watu ya mwaka 2019 inataka mtu akubali, lakini sheria haijui kinachopita kichwani mwa mkimbizi anapoona kamera. Anafikiria ndege. Anafikiria kuna mtu Canada au Marekani atauona uso wake na kesi yake ya kuhamishiwa huko itafunguliwa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Nimewatafsiria watu wakisema "ndiyo" kwa furaha, na nikajua wamesema ndiyo kwa kitu ambacho hawakuulizwa. Binti huanza hivi: "Mama, mimi siko UNHCR, sina kesi, sina chakula, sina simu ya mzungu. Nitakuletea nakala ya picha yako tu. Bado unataka?" Wengine wanacheka, wengine wanamfukuza. Wanaobaki ndio anaowapiga.

Tuje kwenye ulaji. Habari peke yake haimlishi kijana wa umri huo hapa Uganda. Binti anakula kwa harusi, kwanjula (sherehe za utambulisho kabla ya ndoa) za Jumamosi, mahafali, na picha za pasipoti. Siku shule zinapotaka picha za wanafunzi ndiyo sikukuu yake. Mashirika yanalipa vizuri zaidi, lakini yanataka picha za mafanikio, na ndani ya mkataba kuna kifungu kinachosema picha zote ni zao milele. Asome kabla ya kutia sahihi, adai angalau haki ya kuzitumia kwenye kazi zake na haki ya mhusika kuomba picha iondolewe. Wapo wanaokubali ukiomba. Wasioombwa hawatoi.

Yapo pia mashindano ya Uganda Press Photo Award, yalianza Kampala 2012, na yamekuwa yakiwakumbuka vijana kwa nafasi yao na kwa kuwaweka na wapiga picha wazoefu wa kuwaongoza. Aulize kama bado yanapokea, apeleke kazi. Asisubiri kamera kubwa. Na amtazame Esther Ruth Mbabazi, binti wa Kampala aliyefika National Geographic. Aone anavyokaa na watu wake muda mrefu badala ya kupita.

Sasa uhasibu. Hapa ndipo ninapoachana na wote waliokujibu. Amalize hiyo kozi. Na si kwa ajili ya cheti cha kumfariji mama. Mwaka 2018 ilipozuka kashfa ya wakimbizi hewa, serikali na UNHCR walilazimika kuhesabu watu upya kwa alama za vidole, na takwimu iliyokuwa kama milioni 1.4 ikashuka hadi milioni 1.1 hivi. Hakuna mpiga picha aliyeligundua hilo, na nisingemlaumu, kwa sababu mkimbizi hewa hapigiki picha. Yuko kwenye orodha, anakula kwenye orodha, anapewa blanketi kwenye orodha. Anayemwibia mkimbizi anamwibia kwenye karatasi, na wapiga picha ninaowajua wakipewa bajeti ya shirika wanaishika kichwa chini miguu juu. Kijana anayejua kusoma risiti, akaunganisha risiti ya mabomba kumi na picha ya mabomba manne, huyo ofisi nyingi hazitamkaribisha chai. Sijui wangapi wa namna hiyo tunao. Mimi sijakutana na hata mmoja.

Kwa hiyo usimzuie, wala usimpongeze mapema. Mpe masharti: muhula darasani, likizo na wikendi Rhino Camp, barua ya ruhusa mfukoni. Lile tangazo lililo juu ya ukurasa wake ataliondoa mwenyewe akishakaa kwenye mikutano miwili mitatu.

Na ile picha uliyotubandikia hapa, ya mzee mwenye mkongojo amesimama kwenye mlango wa kanisa la turubai: kijana ana jicho, hilo nakiri, mwanga umemkaa mzee vizuri. Lakini chini kaandika "Mateso na matumaini". Mwulize mzee anaitwa nani, ametoka wapi, ule mguu umefanyaje, na kama anapata mgao au la. Akijibu yote, tuletee hapa majina yakiwa yamefichwa, nina mtu wa kumwunganisha naye Kampala. Akishindwa, achape nakala ya picha hiyo, Jumamosi ampelekee mzee, akae naye hadi ajue. Nauli ya boda haijafika hata robo ya ada ya muhula.